Hakimu Aliyekunywa Kwanza

Hilaire Kanyamibwa hakuwa mtoto wa chefu, yaani mtawala wa sekta, wala mjukuu wa chefu, wala hata mbeba kiti wa chefu. Baba yake alikuwa na ng'ombe wanne juu ya vilima vya Masisi, na mmoja kati yao alikuwa kilema. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye, alipokwisha kuwa mkubwa, watu walianza kumtungia ukoo, na wako wanaoapa mpaka leo kwamba babu yake alipigiwa ngoma. Hakupigiwa ngoma yoyote. Alikuwa na maziwa, na maziwa hayo ndiyo Hilaire aliyoyabeba kichwani kila asubuhi mpaka misheni, na huko misheni ndiko alikojifunza kusoma.

Mapadri walimpenda kwa akili zake, wakampeleka seminari ndogo. Alikaa miaka minne, akala Kilatini kama mbuzi anavyokula majani ya maharage, kisha wakamrudisha nyumbani. Hakuiba wala hakutoroka. Alibisha tu. Alibisha darasani, alibisha mezani, na siku moja akambishia askofu mgeni juu ya jambo ambalo askofu mwenyewe alikuwa ameliandikia kitabu. Padri mkuu alimwandikia baba yake barua fupi: mtoto ana kichwa kizuri, ila angefaa zaidi mahali ambapo kubisha ni kazi.

Mahali hapo palikuwapo. Mwaka 1943, wazungu wakiwa bado wanapigana vita vyao huko mbali, tribinali ya Masisi ilitafuta karani, mtu wa kuandika kesi za watu weusi na hukumu zake. Hilaire alikuwa na miaka ishirini na miwili na mwandiko ulionyooka kuliko barabara yoyote ya nchi ile. Akachukuliwa. Mwaka uliofuata akatumwa Walikale, chini kwenye msitu, ambako mvua hainyeshi bali inahamia, na huko akakaa miaka miwili akiwasikiliza watu ambao kesi ya mtego mmoja waliweza kuisema siku tatu bila kurudia neno. Aliporudi milimani alikuwa amekonda, ana homa, na anaijua sheria ya watu wake kuliko wazee wengi waliokuwa wakiitolea hukumu.

Akamwoa Sidonie, binti wa wakulima wa maharage wa kilima cha jirani. Wenye ng'ombe wa upande wa Hilaire walinong'ona, na wenye maharage wa upande wa Sidonie wakanong'ona pia, kisha mtoto wa kwanza, Adelaïde, akazaliwa na macho ya kila upande, na minong'ono ikapata kazi nyingine.

Basi mwaka 1947 Hilaire alifanya kosa, na kosa hilo ndilo lililomfanya mtu.

Ng'ombe wa Sebarenzi waliingia katika shamba la maharage la Munyakazi na kulimaliza. Hawakuacha hata ganda. Kesi ilikuwa nyepesi. Wazee wa tribinali walimhukumu Sebarenzi atoe mtamba mmoja, Hilaire akaandika, muhuri ukapigwa. Ndipo Munyakazi, aliyeshinda, akatoa kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, na mrija wake. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya vilima vile: aliyeshinda anapika pombe, hakimu, au karani kwa niaba ya wazee, anakunywa kwanza, aliyeshindwa anafuata, na mshindi mwisho. Hakimu hakunywa kwanza kwa sababu ya ukubwa. Alikunywa kwanza ili aliyeshindwa aone kwamba mshindi hakutia kitu ndani. Pombe hiyo ikishapita kwa wote watatu, maneno yamekwisha, na anayeyafufua anaaibika mbele ya kilima kizima.

Lakini Hilaire alikuwa kijana, na katika sanduku lake mlikuwa na amri iliyochapwa: mtu wa tribinali asipokee chakula wala kinywaji kutoka kwa wenye kesi. Akasimama, akanyoosha kidole mlangoni. "Tribinali si nyumba ya pombe," alisema, na alijisikia mrefu kweli kweli alipolisema. Kibuyu kikarudi kama kilivyokuja.

Mtamba alilipwa. Wiki ya pili uzio wa Munyakazi ukachomwa. Mwezi wa pili ndama wa Sebarenzi akakutwa amekatwa mkia. Kesi ikarudi, ikahukumiwa, ikarudi tena. Msichana wa upande huu aliyeposwa upande ule akarudishwa kwao akilia. Miaka miwili Hilaire aliandika kesi ile ile kwa mwandiko wake mzuri, na kila mara akashangaa, kwa maana hukumu zote zilikuwa za haki.

Aliyemfungua macho ni Mukabaranga, mke wa Munyakazi, mwanamke wa maneno machache na mikono ya jembe. Siku moja mwaka 1949 aliingia tribinali bila kuitwa, akaweka kibuyu juu ya meza, juu kabisa ya daftari.

"Karani, weye unajua kuandika," alisema. "Lakini hii maneno haiyaisha. Hii kibuyu njo ilibakia."

"Mama, sheria inakataza."

"Sheria gani? Ile ya mu sanduku, ao ile bantu banaishi nayo? Bwana yangu analala na panga. Sebarenzi naye vile vile. Kunywa, mwana yangu, tupate kulala."

Hilaire aliangalia kibuyu, akaangalia wazee wa tribinali, ambao ghafla wote walikuwa wanachunguza dari. Hapo akaona haya, haya ya kweli, ya mtu aliyesoma akagundua kwamba alisoma nusu. Akatuma Sebarenzi aitwe. Jioni ile alikunywa kwanza, Sebarenzi akafuata, Munyakazi akamaliza, na kesi ile haikurudi tena.

Mwaka uliofuata akafanywa hakimu. Tangu siku hiyo, chini ya kila hukumu, baada ya tarehe, aliongeza mstari mmoja kwa mkono wake: *Wamekunywa. Hakimu amekunywa kwanza.* Mtu mwingine angekunywa na kunyamaza. Yeye aliona kwamba jambo linalofanywa mchana lazima liandikwe. Tumbo lake lililipa gharama, kuna mwaka alilala siku tatu kwa kasiksi iliyoharibika ya mjane mmoja, na Sidonie akamwambia, "Papa Adelaïde, siku moja haki itakuua, na mimi nitakosa mutu wa kushitaki."

Sifa zake zikapanda. Mwaka 1951 msimamizi wa teritware, yaani wilaya ile nzima, Mbelgiji mwenye haraka aliyependa mambo yaende bila yeye, akampa chumba cha matofali na ubao: kila kiangazi awafundishe sheria makarani na mahakimu wa tribinali zote ndogo. Walikuja kwa miguu kutoka Pinga, kutoka Walikale, kutoka Hombo kule kwenye barabara kuu, wengine wakiwa na mvi, wakakaa kwenye mabenchi ya watoto na magoti yakagusa videvu. Hilaire aliwafundisha sheria ya sanduku asubuhi na sheria ya watu mchana. Aliwabishia, akawafundisha kubisha. Sidonie ndiye aliyeanza kumwita Profeseri, kwa kumtania, alipokuwa akimtuma kuni. Baada ya miaka mitatu hakuna aliyekumbuka kwamba ulikuwa utani.

Mwanafunzi aliyewashinda wote alikuwa Jean-Bosco Makuza, moniteri, yaani mwalimu, wa shule ya misheni na mpwa wa chefu wa sekta ya Burungi. Aliandika kila neno la Profeseri, hata vichekesho.

Mwanzoni mwa mwaka 1956 chefu huyo mzee akafa bila mtoto. Sekta ya Burungi ilikuwa kwenye ukingo, pale vilima vinaposhuka kwenda Walikale, ng'ombe juu na maharage katikati na msitu chini, na hakuna aliyekubaliana na mwenziwe hata juu ya siku ya soko. Msimamizi akasema wazi: baraza la wakubwa wa vilima litachagua mtu, lakini akiona baraza limepasuka vipande viwili, atamleta mgeni kutoka mbali na kumkalisha juu yao. Wengi wakamtaja Hilaire. Jean-Bosco alisubiri wamtaje yeye. Alisubiri wiki mbili.

Nitasema kilichokuwa moyoni mwa Hilaire, kwa kuwa yeye mwenyewe hakukificha. Alikitaka kile kiti. Alikitaka kama mtu mwenye njaa anavyotaka chakula. Miaka kumi na mitatu alikuwa ameandika maneno ya watu na kuyamaliza moja moja. Sasa aliona mahali ambapo mtu angeweza kuzuia hata yasianze. Na alitaka pia, ndiyo, yule mbeba maziwa aitwe chefu baba yake akingali hai kusikia. Sioni aibu yoyote hapo.

Jean-Bosco akachukua daftari lake la masomo, akaandika barua kwa wakubwa wa serikali Bukavu. Barua haikuwa na uongo hata mmoja. Alisema kwamba hakimu Kanyamibwa, kinyume cha amri, anakunywa pombe ya washindi wa kesi anazokata, na kwamba ushahidi wote uko katika mwandiko wa hakimu mwenyewe.

Mwezi wa saba akafika mkaguzi wa tribinali, mzungu mwembamba mwenye kofia kubwa, anayesema Kiswahili cha polepole na safi kama mtu anayehesabu ngazi. Alifunga mlango, akafungua madaftari. Ukurasa baada ya ukurasa: *Hakimu amekunywa kwanza. Hakimu amekunywa kwanza.* Mara mia mbili na kumi na nne. Katika maisha yake hakuwahi kumwona mtuhumiwa aliyejiandikia mashitaka kwa uaminifu wa namna ile.

"Kanyamibwa," alisema, "hii ni kazi kupotea, na gereza juu yake."

"Najua, Bwana."

Mkaguzi alisugua macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma pia hukumu zilizokuwa juu ya mistari ile, na alijua hukumu nzuri akiiona. Akainama karibu. "Sikiliza. Pengine ni maneno tu. Desturi ya kuandika, kama mtu anavyoandika 'wako mtiifu' mwisho wa barua. Pengine hukunywa kitu. Niambie hivyo, nitaandika onyo dogo kwa uzembe, na nitaondoka kesho."

Hilaire alimfikiria Sidonie, na Adelaïde na wadogo zake watatu. Aliufikiria uongo ule mdogo, uliotengenezwa tayari, uliofunguliwa mbele yake kama mlango. Mkaguzi alianza kuinua kalamu.

"Nilikunywa," alisema Hilaire. "Zote. Moja ilinilaza siku tatu."

"Basi umejimaliza."

"Pengine. Lakini Bwana, kabla ya kuandika, waite watu. Usiwaite walioshinda mbele yangu. Waite walioshindwa."

Mkaguzi alimtazama sana. Kisha akatoa siku kumi watu hao waitwe.

Siku ya kumi ilikuwa Jumanne ya ukungu. Hilaire aliamka akijua kwamba hakuna atakayekuja, kwa maana nani atembee siku mbili kumwokoa mtu aliyemnyima shamba? Sidonie alimpigia koti pasi bila utani wowote, na hilo lilimtisha kuliko gereza. Walipofika juu ya mteremko wa tribinali ukungu ulikuwa unanyanyuka, na uwanja ulikuwa umejaa. Wenye ng'ombe na fimbo zao, wanawake wa maharage na watoto mgongoni, watu wa msituni wenye tope hadi magotini waliolala njiani. Wote walikuwa wameangushwa naye katika kesi. Walikuwa wanasalimiana, na wengine wanachekeana, "Weye nawe alikuangusha mwaka gani?"

Sidonie alimshika mkono. "Papa Adelaïde," alisema polepole, "sikujua umekosea bantu mingi vile."

Sebarenzi alisemeshwa kwanza. Alikuwa mzee sasa, anasimama kwa mguu mmoja kama wachungaji wanavyosimama.

"Huyu mutu alinikamata mutamba," alisema. "Mutamba ya kwanza ya ng'ombe yangu muzuri. Nilimuchukia. Lakini ile siku alikunywa mbele yangu, na miye nikakunywa nyuma yake bila kuogopa, na kesho yake batoto yangu balipita mu shamba ya Munyakazi kwenda misa, hakuna mutu alibatupia jiwe."

"Na wewe ulimpa nini?" aliuliza mkaguzi.

"Miye?" Sebarenzi alishangaa kweli. "Miye njo nilianguka. Nani anatoa zawadi juu ya kuanguka?"

Uwanja ukacheka, na mkaguzi, aliyekuwa akiandika, akasita kidogo kabla ya kuendelea.

Akaja Mukakalisa, mjane aliyepoteza bonde lake lote la ndizi kwa shemeji yake. Alisema kwamba bado anaona hukumu ile ilikuwa kali, na kama Bwana anataka anaweza kuikata upya hapo hapo. Lakini shemeji aliyeshinda alikuwa anajulikana kwa dawa, na yeye asingeweza kugusa kibuyu chake. "Hakimu alikunywa," alisema. "Alikunywa, akaketi, akangojea, sisi sote tukimuangalia kama atakufa. Hakukufa. Njo nikakunywa. Bwana, weye unasema alikunywa pombe ya mwenye kushinda. Alikunywa kwa ajili yangu miye."

Akaja mfua vyuma wa Pinga. Akaja mwingine, na mwingine. Kufika saa tisa mkaguzi alikuwa ameweka kalamu chini na anasikiliza tu, mikono kifuani. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyeangushwa na hakimu huyu ambaye kesi yake ilirudi. Watu wanne wakanyoosha mikono, kwa aibu. Akafungua daftari la 1947, la wakati ule amri ya sanduku ilipofuatwa bila kosa, akahesabu mwenyewe kesi zilizorudi, akalifunga. Akasema, kwa sauti ya kufika nyuma ya uwanja, kwamba haoni rushwa hapa. Aliona hakimu anayewalinda walioshindwa. Mfyonzo mmoja tu wa mrija uruhusiwe, mbele ya watu, na uandikwe kama Kanyamibwa alivyouandika.

Kelele iliyopigwa pale ilifika misheni. Padri alidhani kuna moto. Hilaire alisimama katikati, akashindwa kubisha chochote. Kesho yake alipeleka kibuyu kwa Jean-Bosco, ambaye kila mtu alikwisha kujua kwamba ndiye aliyeandika barua, kama mshindi anavyopaswa, na mkaguzi mwenyewe, kwa uso wa mtu anayemeza kwinini, akanywa kwanza. Jean-Bosco aliushika mrija. Aliushika muda mrefu. Kisha akauweka chini, akaondoka, na wakubwa tisa wa vilima vya mjomba wake wakaondoka naye.

Ushindi ule basi ulikuwa nusu. Wanaume tisa kati ya wakubwa ishirini na mmoja ni baraza lililopasuka, na kila mtu aliikumbuka ahadi ya msimamizi. Miezi ikapita. Wazee walikwenda kwa Jean-Bosco wakarudi. Hilaire alikwenda mara moja, akaambiwa moniteri yuko shambani, ingawa miwani yake ilionekana wazi dirishani. Wakati huo huo habari ikaenea kwamba mgeni wa kukalishwa Burungi amekwisha kupatikana, na kwamba nguo zake zinashonwa.

Siku ya kuchagua, mwezi wa pili wa 1957, iliwakuta kwenye uwanja wa soko la Burungi. Desturi yao haikuwa ya karatasi. Wanaotajwa wanasimama mbele, umbali wa hatua ishirini, na kila mkubwa wa kilima anakwenda kusimama nyuma ya yule anayemtaka, mchana kweupe, mbele ya wake zake na wadeni wake. Hilaire alisimama upande wa juu, Jean-Bosco upande wa chini. Msimamizi alikaa kwenye kiti cha kukunja, saa mkononi. Baba yake Hilaire alikuwa ameletwa kwa kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, amefunikwa blanketi mbili.

Wakaanza kutembea. Nyuma ya Hilaire wakafika kumi na wawili, mmoja mmoja. Wale tisa wakasimama nyuma ya Jean-Bosco, kama ilivyojulikana. Msimamizi alihesabu kwa kidole, akatikisa kichwa, akaanza kuinuka. Hilaire aliona kinywa chake kikifunguka, na alijua maneno yanayofuata.

Hapo Jean-Bosco akasogea. Alitoka mahali pake peke yake, akaupanda uwanja taratibu, mbele ya watu wake walioduwaa, mpaka akafika mbele ya mtu aliyemshitaki.

"Profeseri," alisema. "Ile siku Bwana wa Bukavu alikufungia mu biro, miye nilikuwa chini ya dirisha. Nilienda kusikiliza ukianguka. Alikupatia uongo, uongo muzuri, ya kukuokoa. Ukakataa. Ile barua, hakuna uongo niliandika. Lakini miye, kama ni miye njo nilikuwa mule ndani, ningedanganya. Tangu ile siku ninajua, na nilikuchukia juu ya kujua."

Jean-Bosco hakungoja jibu. Alizunguka, akasimama nyuma ya Hilaire, wa kumi na tatu katika mstari, akakunja mikono. Kule chini wale tisa walitazamana. Mmoja akacheka kwa aibu, akaanza kupanda, na wenzake wakamfuata.

Hakimu halii, Hilaire alikuwa amelifundisha hilo kila kiangazi kwa miaka sita. Alilia palepale, kwa machozi na kamasi, bila kujifunika uso. Baba yake aliuliza kutoka kwenye kipoyi kuna nini, kwa nini watu wamenyamaza, na Sidonie akainama kwenye sikio lake, akamwambia kwamba mtoto wake ni chefu.